Akaunti imezuiwa kwa tuhuma za utapeli: fanya hivi, kwa mpangilio huu

Ijumaa, saa kumi na mbili jioni, nimesimama dirishani kwenye duka la dawa muhimu, mtoto yuko mgongoni, ana homa. Nikalipa kwa simu. Jibu likarudi kwamba muamala umeshindikana, akaunti yangu imezuiwa, niwasiliane na huduma kwa wateja. Nikarudia mara ya pili, nikarudia ya tatu. Muuzaji akachungulia simu yake akasema, "Dada, huku hakijaingia kitu." Dawa za elfu nane na mia tano nikazichukua kwa mkopo, huku kwenye laini yangu mna zaidi ya laki sita. Hela ile sikuigusa kwa siku kumi na mbili.

Chanzo chake kilikuwa biashara ya kawaida kabisa. Nauza khanga kwa simu. Siku tatu kabla, mama mmoja aliagiza doti kumi na nane, tukakubaliana 216,000, hela ikaingia, boda wake akaja kuchukua mzigo. Jina lililotokea kwenye ujumbe wa malipo lilikuwa la mwanaume. Nikamuuliza, akajibu, "Huyo mume wangu, mama." Nikaridhika. Kumbe mlipaji alikuwa mpangaji wa mkoa mwingine aliyepata ule ujumbe tunaoujua wote: ile hela ya kodi itume kwenye namba hii, jina litatokea fulani. Na hilo jina fulani lilikuwa langu! Tapeli alichukua namba yangu na jina langu, akamfanya mtu anilipe mimi, yeye akaondoka na khanga. Mpangaji alipogundua akatoa taarifa, na kwenye taarifa ile mhalifu nilikuwa mimi.

Nimeisimulia kwa sababu wengi wanaofungiwa hivi si wezi. Ni wauza simu, mawakala, wanaouza dola na sarafu za mtandaoni kwa watu wasiowajua, au mtu aliyempa shemeji laini yake "apokelee hela kidogo". Mfumo hauoni roho ya mtu, unaona fedha zilizolalamikiwa zimepita wapi. Kitakachokufungulia basi ni karatasi zinazoonyesha hela ilitoka kwa nani, kwa ajili ya nini, na nini kilitoka mkononi mwako. Machozi na kelele dirishani nimevijaribu vyote viwili, havikunisaidia.

Kwanza, acha kubonyeza

Ukirudia rudia muamala, au ukaingiza namba ya siri kwa hasira mpaka ukaikosea mara tatu, unaongeza kufuli la pili juu ya la kwanza. Weka simu chini.

Kisha hakikisha kwamba umefungiwa kweli. Matapeli nao hutuma ujumbe wa "akaunti yako imefungwa", chini yake wakaweka kiungo cha kubofya au namba ya kupiga. Usibofye, usipige. Fungua menyu yako mwenyewe uangalie salio, au piga namba unayoijua tangu zamani: Tanzania huduma kwa wateja wa mitandao ya simu ni 100, na kwa benki tumia namba iliyo nyuma ya kadi. Kenya, Safaricom humpigia mteja kwa 0722 000 000 tu, kwa hiyo anayejiita wa Safaricom kutoka namba nyingine yoyote mkatie simu. Anayekuomba namba ya siri, au tarakimu zilizoingia kwenye ujumbe sasa hivi, ni mwizi hata kama anajua jina lako la ubatizo.

Jua ni kufuli gani

Hapa ndipo watu wanapopoteza siku, wanahangaika na mlango usio wao.

Kufuli jepesi ni la namba ya siri uliyoikosea, au la mfumo ulioshtuka: umebadili laini, umeingia kwa simu mpya, umetuma kiasi ambacho hujawahi kutuma, kadi imetumika nchi nyingine. Hili humalizwa na mhudumu akishathibitisha kwamba wewe ni wewe.

La pili ni la malalamiko. Kuna mtu amesema hela iliyoingia kwako ni yake. Wakati mwingine huzuiwa kile kiasi peke yake na salio lingine unalitumia. Wakati mwingine hufungwa akaunti nzima, kama yangu. Dalili yake ni kwamba salio unaliona, hela zinaweza hata kuingia, ila kutoka hazitoki.

La tatu ni zito: amri ya polisi, ya mahakama, au ya Kitengo cha Kudhibiti Fedha Haramu. Kwa hili mhudumu hana mamlaka hata akikuonea huruma. Kuna jambo moja ukilijua litakupunguzia ugomvi. Sheria ya Kudhibiti Fedha Haramu ya Tanzania ya mwaka 2006 inamkataza mtoa huduma kumdokeza mteja kwamba taarifa ya miamala yake imepelekwa kwenye kitengo hicho. Kenya wana katazo la aina hiyo kwenye sheria yao ya 2009. Kwa hiyo mhudumu akisema "suala lako linashughulikiwa" kisha akaangalia pembeni, huenda hakudharau, amefungwa mdomo.

Benki na kampuni za simu zina sababu ya kufunga kwanza na kuuliza baadaye. FATF, chombo cha kimataifa kinachosimamia vita dhidi ya fedha haramu, kiliiweka Tanzania kwenye orodha ya kijivu Oktoba 2022, ikatoka Juni 2025. Kenya iliingizwa Februari 2024. Nchi ikiwa kwenye orodha hiyo, ukali wa juu hushuka hadi kwa muuza khanga.

Kusanya ushahidi usiku huohuo

Usilale kabla hujafanya hili. Piga skrinishoti za ujumbe wa kuzuiwa, ujumbe wa malipo wenye namba ya muamala, na mazungumzo yote na mteja, tarehe na saa zionekane. Mimi nilikuta yule mama ameshaanza kufuta jumbe zake upande wake, na picha yake ya wasifu imetoweka. Vitatu vilivyoniokoa ni ujumbe wa sauti ambao hakuwa ameufuta, namba ya boda, na picha niliyokuwa nimempiga boda akiwa na furushi begani, niliyopiga kwa mazoea tu.

Nakili vitu hivyo nje ya simu: jitumie kwa barua pepe, mpe ndugu, vichapishe stationari. Usifute chochote, hata kile kinachokuaibisha. Usibadili laini, usiiweke upya simu. Halafu chukua daftari uandike mtiririko kwa maneno yako: siku gani, saa ngapi, nani alisema nini. Baada ya wiki utaulizwa hayo na mtu wa tatu na wa nne, na maelezo yakipishana, hata kwa kusahau tu, unaonekana mwongo.

Usimrudishie hela anayekupigia

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo mtu mwema anapoumia mara mbili.

Jumamosi asubuhi nilipigiwa simu na mwanaume aliyesema hela ni yake, ya kodi, anaomba nimrudishie. Alikuwa analia. Ningekuwa na namna ya kutuma ningetuma, wallahi, na ningekosea. Kwa nini? Kwanza hujui kama aliyepiga ndiye mwenye hela. Tapeli huyohuyo anaweza kupiga akijifanya aliyeibiwa. Pili, ukituma kwenye namba tofauti na ile iliyokulipa, kwenye vitabu vya mtandao hela ile bado hujairudisha. Mlalamikaji akirudishiwa rasmi, salio lako linakatwa tena. Umelipa mara mbili, na muamala wako wa pili unaonekana kama ulikuwa unazihamisha fedha za wizi.

Mwambie hivi, kwa upole: "Kaka, pole sana. Nami nimetapeliwa kupitia wewe. Toa taarifa kwa mtandao wako na polisi, nami nimetoa kwangu. Wakiniambia nikubali hela irudi, nitakubali hapohapo." Kisha andika namba yake na saa aliyopiga. Urejeshaji ufanywe na mtoa huduma, kwa njia yake, ukiwa na kumbukumbu. Kenya aliyekosea kutuma hupeleka ujumbe wa muamala wenyewe kwenda 456, na mpokeaji naye huachia Safaricom wamalize.

Usijaribu pia kuokoa salio kwa njia ya panya, yaani kumpa wakala rafiki atoe, kuhamishia kwa dada, au kununua vocha za laki tatu. Hela ikitawanyika wakati kuna malalamiko, asiyejua kitu anaanza kufanana na anayejua.

Nenda mwenyewe, na nenda na karatasi

Simu ya huduma kwa wateja piga usiku ule, lakini usiitegemee kumaliza jambo. Itumie kupata namba ya kumbukumbu ya lalamiko tu. Andika namba hiyo, jina la mhudumu, saa. Kesho yake ya kazi nenda dukani kwao au tawini asubuhi, kabla foleni haijajaa. Beba kitambulisho cha NIDA chenyewe (nakala tu wanaweza kuikataa), simu yenye laini inayohusika, kadi ya benki, leseni ya biashara kama unayo, risiti za ulikonunua mzigo, na bahasha ya ushahidi.

Uliza maswali machache yanayojibika. Akaunti nzima imezuiwa au kiasi fulani? Ni kwa muamala upi? Uamuzi ni wa kwenu au mmepewa amri kutoka nje? Kama ni amri, ni ya kituo gani cha polisi au mahakama ipi, na namba yake? Mnahitaji nini kutoka kwangu, na majibu nitayapata lini, kwa njia gani? Lile la amri ndilo muhimu kuliko yote. Wakisema ipo, tawi hilo si mlango wako tena, mlango wako ni mpelelezi.

Omba pia taarifa ya miamala ya miezi mitatu hadi sita. Hiyo ndiyo itakayoonyesha kwamba laini yako hupokea elfu kumi na tano, elfu thelathini, wateja walewale, Jumatatu hadi Jumamosi. Laini ya tapeli haina sura hiyo: inapokea mfululizo na kutolewa ndani ya dakika.

Usimtukane mhudumu. Nilimtukana mmoja siku ya pili, na ya nne nikamkuta yeye ndiye wa kunigongea muhuri.

Andika barua

Watu wanaipuuza kwa sababu wameshaeleza kwa mdomo. Mdomo hauna muhuri wa kupokelewa. Barua yangu ilikuwa ukurasa mmoja, na kiini chake kilikuwa hiki. Badilisha iwe yako:

"YAH: KUZUIWA KWA AKAUNTI YANGU YA FEDHA KWA SIMU. Mimi ni mmiliki wa laini tajwa hapo juu, iliyosajiliwa kwa kitambulisho changu cha NIDA. Tarehe … nilipokea shilingi 216,000 kwa muamala namba … kutoka kwa … Fedha hizo zilikuwa malipo ya doti kumi na nane za khanga nilizoagizwa kwa simu namba … Mzigo ulichukuliwa siku hiyo saa … na mwendesha bodaboda mwenye namba … Sikujua kwamba mlipaji alidanganywa. Sina pingamizi kiasi hicho kishikiliwe wakati uchunguzi ukiendelea. Ninaomba salio langu lililobaki liachiwe, kwa kuwa halihusiani na muamala huo. Nimeambatanisha …"

Ombi la mwisho ndilo lililonisogeza. Nilipokuwa nadai "nifungulieni", nilikuwa napambana nao. Nilipokubali 216,000 zishikwe na kuomba nyingine ziachiwe, niliwapa kitu wanachoweza kukitekeleza. Kama una hakika na hela zako, jaribu njia hiyo. Peleka nakala mbili, moja ibaki kwako ikiwa imegongwa muhuri na kuandikwa tarehe.

Na usiogope kwamba kampuni ya simu "itakula" salio. Fedha za wateja wa huduma za simu kisheria huwekwa benki kwenye akaunti ya amana, mbali na fedha za kampuni.

Polisi

Kama na wewe umetapeliwa, nenda ukaandikishe, usisubiri kuitwa. Mtu aliyefika kituoni kwa miguu yake hatazamwi kama aliyetafutwa. Utapewa namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha kituo, na RB hailipiwi. Iambatanishe kwenye barua ya benki. Kosa lenyewe liko kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na namba ya tapeli itume pia kwenda 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Ukiitwa kutoa maelezo, nenda na mtu mzima wa familia, na wakili ukimpata. Soma maelezo yako yote kabla ya kusaini. Kama afande ameandika "nilipokea fedha za wizi" wakati ulisema "nilipokea malipo ya khanga", mwombe arekebishe palepale. Tofauti ya maneno matatu hayo ni kesi nzima. Uchunguzi wako ukiisha, omba barua ya kuondoa zuio iende benki, na ufuatilie kama imefika. Barua za namna hiyo hulala kwenye trei.

Kuishi bila akaunti

Usikae kimya kwa wanaokudai. Mwenye mkopo wako mwambie kabla ya tarehe ya rejesho, kwa maandishi, ukiambatanisha ushahidi wa kuzuiwa. Kiongozi wa kikoba au kijumbe wa mchezo mwambie pia, aibu ya siku moja ni ndogo kuliko kuitwa mkimbizi wa zamu. Kazini omba mshahara upitie akaunti nyingine yenye jina lako, maana ukiingia kwenye iliyozuiwa nao unaweza kukwama humo.

Biashara iendelee kwenye laini yako nyingine iliyosajiliwa kwa jina lako. Laini ya jirani hapana, utamwingiza kwenye shimo lako. Na wakati uko kwenye simu, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Ukikuta usiyoijua, ikatae dukani mara moja, inaweza kuwa ndiyo chanzo cha yote.

Vishoka

Watakuja. "Nina mtu wangu ndani, elfu hamsini anafungua leo." Wengine hukaa nje ya duka la mtandao, wengine huvizia waliolalamika mitandaoni wakiwa na nembo ya kampuni kwenye wasifu. Hakuna ada ya kufungua akaunti iliyozuiwa kwa uchunguzi. Akiwa tapeli umeliwa, na akiwa kweli ana mtu ndani, umetoa rushwa kwenye faili ambalo tayari linachunguzwa.

Wakikaa kimya

Mtoa huduma asipokujibu, au akakujibu usivyoridhika, lalamiko la fedha linakwenda Benki Kuu: BoT ina dawati la malalamiko ya watumiaji wa huduma za fedha, Kenya kuna CBK. Lazima uwe umeanza kwa mtoa huduma mwenyewe, na hapo ndipo ile nakala yenye muhuri inapolipa. Mambo ya laini yenyewe ni ya TCRA.

Ndugu zetu walioko Uingereza, ambao akaunti zao hufungwa baada ya kupokea michango ya msiba au kutuma hela nyumbani kwa mkupuo, wana ngazi iliyo wazi zaidi. Benki ina wiki nane za kujibu lalamiko rasmi, baada ya hapo unakwenda Financial Ombudsman Service bila malipo, na jibu la mwisho la benki likishatoka una miezi sita ya kulipeleka huko. Ila nako, kwa Proceeds of Crime Act ya 2002, benki inaweza kuwa imekatazwa kukuambia sababu. Mweka hazina wa msiba atunze orodha ya waliochanga na tangazo la msiba. Nimeona dada mmoja akiulizwa kwa nini watu arobaini wamemtumia pauni ishirini ishirini usiku mmoja.

Ukishafunguliwa

Kagua salio kwa shilingi, si kwa macho. Linganisha na taarifa ya miamala, na kama kuna kilichokatwa omba maelezo kwa maandishi. Badilisha namba ya siri. Mimi nilikatwa 216,000, zikarudi kwa yule mpangaji, na khanga zangu zikawa zimekwenda. Hasara hiyo hakuna aliyenifidia, na yule mama hajapatikana.

Nikatenganisha laini ya nyumbani na ya biashara, ya biashara nikaichukulia lipa namba. Jina la anayelipa lisipofanana na la anayeagiza, mzigo haufungwi. Mteja akiniambia mume wangu ndiye atakayelipa, namwambia sawa mama, basi baba apige simu mwenyewe aniambie analipia nini. Boda anasubiri kivulini.